Zambarau Juu ya Gari la Baba

Enzi zile, Jumapili alasiri, kila aliyekuwa na gari la kujidai alilileta kwenye maegesho ya nyuma ya soko. Taa za buluu chini ya bodi, rimu za kung'aa, spoila, lile bawa la nyuma, kubwa kuliko gari lenyewe, na muziki wa kutikisa madirisha ya majirani. Tulikuwa na raha zetu, jamani, na hatukumwomba mtu radhi.

Hapo ndipo fundi rangi, tuliyemwita Mng'aro, alipokutana na mshona viti vya magari. Binti alikuwa na gauni la njano na tepu ya kupimia shingoni, hata siku ya mapumziko. Alichungulia ndani ya gari la Mng'aro, akasema nje ni bwana harusi, ndani ni mgonjwa. Tuliangua kicheko. Mng'aro akaomba namba, eti ya mambo ya viti. Viti vilishonwa kwa wiki moja. Simu ziliendelea miezi minane. Akichelewa kupiga, binti aliuliza kama amejipaka rangi mdomoni, midomo ikagandana.

Kisha baba yake binti akafariki, akamwachia gari jeupe la zamani, limepauka. Binti alilikabidhi kwa Mng'aro anyooshe bampa tu, kisha yeye binti akamsindikiza mama yake kwao.

Sasa, sisi watu wa magari tuna ugonjwa mmoja: tukimpenda mtu, tunampambia gari bila kumwambia. Mng'aro alipiga msasa siku nne, akapaka zambarau ya kumeremeta mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, akafunga taa chini. Akatuita twende kushangilia, na tulikwenda, wajinga sisi.

Binti aliporudi alilizunguka mara moja. Akaweka kiganja kwenye mlango wa dereva, pale ambapo rangi ya zamani ilikuwa imelika kwa kiwiko cha baba yake, miaka ishirini ya kuegemea dirishani.

"Hapa ndipo nilipokuwa namwona," alisema. "Umemfuta."

Akachukua ufunguo, akaondoka na gari lake. Simu hazikupokelewa tena. Mng'aro alikonda, akawa anakosea hata rangi nyeusi. Alituma ujumbe kwa mama mtu kwamba yuko tayari kulirudishia weupe. Jibu likaja kwamba weupe wa dukani haumrudishi mtu.

Mwaka ulipita. Mchana mmoja zambarau ile ikaingia gerejini kwa Mng'aro, imejaa vumbi, na mshona viti akashuka. Alisema amekasirika mpaka amechoka. Mama yake alikuwa akiliona gari anacheka, anasema mzee angepita nalo mtaa mzima akipiga honi. Na yeye mwenyewe alikuwa amemkumbuka Mng'aro kupita kiasi, wala hakuona haya kusema hivyo mbele yetu.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema.

"Nilitaka ushangae, mpenzi."

"Nilishangaa."

Mng'aro alizima mashine ya upepo. Alijifuta mikono kwenye ovaroli mpaka nikaona atajichubua.

"Basi leo nauliza kabla sijagusa kitu," alisema. "Utakubali nikuoe?"

Binti alimsogelea. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini mdomo ulishaanza kutabasamu.

"Uliza tena," alisema, "taratibu. Nimengoja kuulizwa mwaka mzima."

Mng'aro akauliza tena.