Mgeni wa Kibanda cha Mbung'o

Mzee yule aliingia kibandani na hakutoka.

Paskalia alikuwa amekaa kivulini akimnyonyesha mwanawe Donatus, akaona yote. Aliona kanzu iliyochakaa, miguu peku na furushi begani. Alimsikia mumewe Pantaleo akisema, "Shikamoo mzee," na mzee hakuitikia marahaba. Alitabasamu tu, midomo imefumbwa, kama mtu aliyejaza maji kinywani.

Pantaleo alimwingiza, akafunga mlango. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na serikali mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kulinda kituo cha mbung'o juu ya vilima, kwenye njia ya Ushirombo. Huko hakukuwa na watu. Palikuwa na mawe, miti na mbung'o, na moshi wa jirani haukuonekana upande wowote. Kila mpita njia, awe mchimbaji wa dhahabu anayekwenda Geita au mchuuzi wa ng'ombe, alisimamishwa ndani ya kibanda chenye giza, asije akavusha mbung'o wenye malale. Mbung'o waliomganda waliona mwanga wa kidirisha kimoja, wakamwacha, wakaukimbilia, wakanaswa kwenye chandarua. Kisha Pantaleo alifungua mlango wa upande wa pili na kumwambia mtu, "Pita."

Siku ile alifungua, akakuta kibanda kitupu. Sakafuni palikuwa na doa la unyevu, kama mahali palipolazwa nyama mbichi.

"Mama Donatus, umemwona akitoka?"

"Sijamwona. Na mimi nipo hapa hapa."

Pantaleo alizunguka kibanda, akachungulia vichakani, kisha akafunga milango yote.

Harufu ilianza kesho yake. Mwanzoni ilikuwa kama ngozi iliyoanikwa vibaya, halafu ikawa tamu, utamu wa kitu kilichooza, ukikaa kooni hata ukinywa maji. Nzi wakaja. Hawakuwa mbung'o. Walikuwa nzi wanene wa kijani, wale wa mizoga, wakatanda kwenye ukuta wa kibanda mpaka udongo hauonekani. Paskalia alisonga ugali, akaufunika kwa ungo, akaenda kuita watu wa nyumbani mwake, yaani mume mmoja, na aliporudi akafunua, ugali ulikuwa unatembea. Funza walikuwa wamejaa ndani yake, weupe, wanajikunja, na ugali ulikuwa bado wa moto.

Alitapika nyuma ya nyumba. Alipoinua kichwa alimwona Pantaleo amechutama mbele ya sufuria, anakula.

"Baba Donatus, huoni kilichomo humo?"

"Kuna nini?" aliuliza, huku akitafuna.

Tangu hapo Pantaleo akawa haondoki kibandani. Aliingia asubuhi, akajifungia, akasimama gizani, na wapita njia wachache waliofika walipoona wale nzi walikata porini wenyewe. Paskalia akiweka sikio mlangoni alisikia mvumo. Akiita, mvumo ulikatika ghafla, kisha ukaanza tena polepole, ukipanda na kushuka kama watu wawili wanaozungumza chini kwa chini. Mume alipotoka kuja kulala mvumo ulitoka naye. Ulikuwa kifuani mwake. Paskalia alilala amempa mgongo, amembana mtoto tumboni, akausikia ukizunguka ndani ya mbavu za yule mtu aliyefunga naye ndoa kanisani, na pumzi iliyompiga shingoni ilikuwa na ule utamu, na alijua kwamba akigeuka tu kumtazama atatapika tena, na hivyo hakugeuka mpaka kukakucha.

Siku moja asubuhi Pantaleo alijitokeza mlangoni mwa kibanda, akanyoosha mikono.

"Niletee mtoto."

"Wa nini?"

"Hajapimwa. Nimtoe mbung'o." Midomo yake haikuenda pamoja na maneno.

Paskalia hakubishana. Alimfunga Donatus mgongoni, akasema anakwenda kuteka maji, akashuka kilima bila mtungi. Chini alikutana na Ngassa, mchuuzi wa ng'ombe anayemfahamu, akielekea Kahama na kundi lake.

"Mwangaluka mayu," Ngassa alimwamkia kwa Kisukuma, kisha akaziba pua. "Unatoka kwenye msiba?"

Paskalia akamsimulia yote, na Ngassa alipomsikiliza hadi mwisho hakucheka. Alimchukua mpaka Nyahanga, pale Kahama, kwa mwanamke wa Kiislamu aitwaye Mwanaima, mnene, mpole, anayesifika kwa kutoa majini. Mwanaima aliagiza mtoto abaki na binti zake. Kisha akachukua ubani na chetezo, wakaanza safari ya kurudi vilimani.

Walimkuta Pantaleo amesimama gizani. Mwanaima aliziba kila ufa wa kibanda kwa matope, akaacha kidirisha kile kimoja na kukitoa chandarua. Wakaingia, mlango ukafungwa, ubani ukawashwa.

"Bismillahi," alisema Mwanaima. "Wewe uliye humu, unataka nini kwa mtu huyu?"

Sauti ilitoka kifuani, ya mzee. "Nilisimamishwa. Sijaambiwa nipite."

"Wa kukuambia umemziba kinywa," Mwanaima alijibu kwa upole. Akamgeukia Paskalia, akanong'ona, "Mke ndiye mwenye nyumba. Mfungue mumeo mdomo, mwanangu, umwambie mgeni apite, na usiuachie. Nakuomba usiuachie."

Paskalia alitia vidole vyake katikati ya meno ya mumewe, akayatanua, na ndani kulikuwa na joto na utelezi na kitu kinachochemka, akasema "Pita" kwa sauti ambayo hakuitambua, na nzi wa kwanza akatoka akiwa amelowa mate, akapanda kwenye kidole chake, akatambaa mpaka kiganjani, akakausha mabawa yake hapo, akaruka kuelekea mwanga, na nyuma yake wakaja wengine na wengine, wazito, wenye vimiguu vinavyonata, wakipita mikononi mwake mpaka kwenye viwiko, wengine wakipotea njia na kuingia shingoni na kwenye nywele zake, na yeye hakuachia, alilia tu huku amefumba mdomo kwa nguvu ili asiingie hata mmoja, mpaka mvumo ukaisha na Pantaleo akamwangukia magotini kama gunia tupu.

Kazi ya mbung'o waliiacha. Walimfuata mtoto Nyahanga, wakaenda kuishi Mwakitolyo kwa wazazi wa Pantaleo. Pantaleo alinenepa, akalima pamba, akacheka na watu. Paskalia alimpikia na kumfulia, lakini chakula alikula peke yake jikoni, na mikono yake aliisugua kwa majivu hata ikachubuka. Alimhurumia mumewe na alimwonea kinyaa, vyote kwa pamoja.

Mama mkwe, Mbuke, alilitambua hilo. Siku moja alileta bakuli la michembe, vile viazi vilivyokaushwa, iliyopikwa na kutiwa maziwa, akaliweka katikati yao. Akajikalia kizingitini.

"Mwanangu amepona," alisema. "Kuleni nione."

Paskalia alinawa. Akala tonge la kwanza, likapita. Pantaleo alifurahi, macho yakamlowa, akaanza kusimulia habari za mvua na palizi. Nzi mmoja, wa kawaida, wa nyumbani, akatua pembeni mwa mdomo wake. Paskalia akangoja mkono wa mumewe umfukuze. Mkono uliinuka, ukachota kiazi. Yule nzi alitembea taratibu juu ya mdomo wa chini, akainamisha kichwa, akaingia ndani, na Pantaleo akaendelea na habari za palizi.

Mbuke kizingitini alikuwa akimtazama Paskalia, akingoja. Paskalia akachota tonge la pili.