Mtaa wa Majogoo Wasiowika

Mdogo wangu hajawahi kunisikiliza, na mumewe, shemeji yangu, ndiye kabisa. Haya yaliwapata wao, si mimi, lakini nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na wa kwanza kusema hapana nilikuwa mimi.

Shemeji ni mwoka mikate kiwandani. Huingia kazini watu wakienda kulala, hurudi watoto wakiamka, kwa hiyo mchana kwake ndio usiku. Sasa mweke mtu wa namna hiyo kwenye ghorofa katikati ya jiji. Chini yake mafundi wanachomelea mageti, ng'ambo ya barabara kuna duka la spika ambalo haliuzi kitu bila kukijaribu, na ndani ana watoto wawili ambao Mungu hakuwapunja sauti. Wa kwanza, msichana aliyekuwa anakaribia kuanza shule, tulimwita Kasuku kwa sababu aliongea hata akitafuna. Wa pili, mvulana aliyekuwa anajifunza kusimama kwa kushikilia viti, tulimwita Honi. Akilia, wenye magari huko chini walipisha.

Wimbo wa nyumba ile ulikuwa mmoja: nyamazeni, baba kalala. Mdogo wangu aliuimba toka asubuhi mpaka alasiri. Akipika, nyamazeni. Akifua, nyamazeni. Ulimi ulishauzoea, hata siku moja nilimsikia akiiambia birika iliyokuwa inachemka. Kisha shemeji akasinzia mbele ya tanuri akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko, na msimamizi akamwambia ikitokea tena asirudi. Ndipo wakaanza kutafuta nyumba nje ya jiji, mahali patulivu pa kulelea watoto.

Walitafuta mpaka viatu vikalalamika. Huku shule mbali, kule maji ya kubeba, pale pazuri lakini jirani ana baa. Walipoupata mtaa ule walinichukua nikaone. Nyumba ilikuwa safi, ina ua wa nyasi na bembea, chumba cha watoto kina dirisha kubwa, na shule unaiona ukiwa barazani. Na kimya. Shemeji alisimama katikati ya sebule tupu akafumba macho, kama mtu anayenusa mkate ukitoka motoni.

Jirani wa ng'ambo ya uzio alikuwa mama mfuga kuku. Jogoo wake mmoja alipanda juu ya banda, akajinyoosha, akapanua mdomo, shingo ikatetemeka, kisha akashuka zake. Sikusikia kitu.

"Umeona?" shemeji akaniambia. "Hata majogoo wa huku wana adabu."

Tulicheka. Lakini tulipokuwa tunaondoka tulipita watoto wakicheza mpira barabarani. Walikimbia, wakasukumana, mmoja akafunga goli akainua mikono juu na wenzake wakamrukia. Nilichosikia ni mpira tu. Nikasema pale pale kwamba mtaa huu siuelewi, na wahenga hawakukosea, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mdogo wangu akanijibu kwamba nimeishi na makelele mpaka nadhani ni hewa. Haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Wakainunua.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na hilo nalo liliniudhi. Shemeji alianza kunenepa. Kasuku akawa na nyasi za kuviringika. Mdogo wangu alikuwa akinipigia simu na kunisifia hewa, maua, na majirani wasioingilia mambo ya watu, isipokuwa huyo mama mfuga kuku. Huyo alikuja na trei ya mayai ya kumkaribisha, akaongea kwa kunong'ona. Akamwambia mtoto akilia ambembeleze, ambebe, amwache alie mpaka achoke. Asimwambie anyamaze. "Huku ukisema, unasikilizwa," alimwambia.

Mdogo wangu alikasirika sana. Mgeni hata mapazia hajaning'iniza, tayari anafundishwa kulea. Aliyatumia mayai, maneno akayaacha.

Siku yenyewe maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Nguo za watoto zimelowekwa, sabuni imekauka mikononi, Honi anaota jino na hataki kushushwa. Shemeji alikuwa amerudi kichwa kinamuuma, amejitupa kitandani. Jua la saa sita liliingia mpaka kwenye korido. Honi akaanza. Akapanda, akapanda tena, akafika pale pa kupishwa na magari.

"Hebu nyamaza wewe!"

Ndivyo alivyosema, na hakuna mama ambaye hajawahi kusema hivyo.

Sauti ikakatika. Mtoto hakunyamaza. Mdomo wake ulikuwa wazi vile vile, machozi yanatiririka, ulimi unatetemeka, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa analia, ila kilio hakikuwepo. Mdogo wangu alidhani amepaliwa. Akamwinamisha, akampiga mgongoni, akamchungulia kooni. Hakuna kitu. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni, akamshika mama yake sketi.

"Mama," akanong'ona, "nani amesema haya?"

"Haya nini?"

"Umesema nyamaza, na mtu chumbani kwetu akasema haya."

Chumba cha watoto kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa wazi na bembea ilikuwa imetulia. Shemeji hakuamka. Alilala mpaka jioni, akaamka anatabasamu, akasema hajalala hivyo tangu aoe.

Wakaanza kuzunguka kwa madaktari. Wa kwanza alimulika tochi kooni akasema pazima. Wa pili akasema watoto hutofautiana, wasubiri. Wa tatu alimuuliza mdogo wangu kama ana uhakika mtoto aliwahi kuwa na sauti. Angemuuliza mwenye gari yeyote wa mtaa wetu! Alinisimulia huku anasaga meno, nami nikafunga cherehani yangu nikaenda.

Nilimkuta Honi sakafuni anacheza na vibanio vya nguo. Aliponiona alicheka kwa mwili mzima, tumbo linaruka, na chumba kikabaki kimya. Nilikaa naye kwenye chumba chao nikamlaza mapajani. Mchana ulikuwa mweupe. Nikaegemeza kichwa ukutani.

Nikamsikia.

Alikuwa mbali, kama mtoto wa nyumba ya tatu. Lakini kilio cha Honi nakijua. Kina kwikwi katikati, halafu kinapanda. Nikabandika sikio. Ukuta ulikuwa wa baridi. Kilikuwa humo humo ndani. Na chini yake, polepole, kuna mtu alikuwa anambembeleza.

Nikatoka mbio mpaka kwa mama mfuga kuku. Hakuniuliza kitu. Aliniketisha jikoni kwake, ambako mwanamke mtu mzima alikuwa anapanga mayai. Alinisalimia kwa kuinamisha kichwa na kuweka mkono kifuani, akaendelea na kazi. Mama akasema ni binti yake.

"Alikuwa na miaka mitatu," akanong'ona. "Nilimwambia mara moja tu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuhama, kwa nini hawahami wote. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepatwa. Akanyoosha kidole kwenye ukuta nyuma ya jiko.

"Nitamwacha na nani? Bado anaimba humo."

Yule binti hakuinua macho.

Niliporudi, Kasuku alinidaka mlangoni na maswali yake yote kwa pamoja. Nilikuwa nataka kufikiri, na neno likaja lenyewe mpaka kwenye meno. Niliuziba mdomo wangu kwa mikono miwili. Mdogo wangu aliniona. Alielewa kabla sijamweleza, akakaa chini pale pale kwenye vigae.

Hatukulala kwa ubishi. Shemeji aliapa atabomoa ukuta. Mdogo wangu akamuuliza, ukibomoa, sauti itakwenda wapi? Wakikaa, Kasuku naye siku moja ataambiwa anyamaze, maana ulimi wa mama yao umeshazoea. Wakiondoka, wanamwacha Honi wa ukutani. Nilimshuhudia mdogo wangu akichagua kati ya watoto wake wawili, na sitaki kuona tena jambo kama hilo. Asubuhi walifunga virago. Alibusu ukuta wa chumba cha watoto, akatoka bila kugeuka.

Sasa wanaishi ghorofa moja na mimi, juu ya mafundi wale wale. Shemeji ameomba zamu ya mchana, anasukuma mikokoteni ya unga. Kasuku anaongea tangu anaamka, na hakuna anayemzuia. Honi ametimiza miaka mitatu. Hajatoa hata mguno.

Nyumba walimpangisha mama mmoja na mumewe, watu wazima wasio na watoto. Mwezi uliopita yule mama mpangaji alipiga simu ana hasira. Walifuata utulivu, akasema, na kila saa sita mchana kuna mtoto analia ukutani, wamechoka.

"Msimwambie anyamaze," mdogo wangu akamsihi. "Nakuomba, dada yangu. Mwacheni alie. Hebu niwekee simu ukutani."

Akaiweka. Tangu hapo kila adhuhuri mdogo wangu hupiga, na yule mama, kwa kuona haya tu, huiweka. Honi hukaa mapajani akifungua mdomo sambamba na kile kilio, kwikwi kwa kwikwi.

Jana nilikuwepo. Kilio hakikuja. Tulisubiri, hata mafundi huko chini walikuwa wamekwenda kula. Kisha ikatoka sauti ya mtoto aliyekua kidogo, safi, inayojua kusema.

"Mama."

Mdogo wangu alivuta pumzi aitike. Kabla hajatamka, kule ukutani mwanamke akaitika, taratibu, kwa upendo.

Tulisikia simu ikishikwa kwa pupa.

"Dada," mpangaji akanong'ona, "si mimi niliyeitika."