Msumari Juu ya Jiko

Nina habari, na nisipoitoa leo nitapasuka.

Mimi nimemaliza chuo cha ualimu, sasa namsaidia baba jikoni hapa ranchi, huku California. Kila alfajiri tunapika maharage, mkate wa mahindi na kahawa nyeusi. Vibarua wanakula, kisha wanafunga nyumbu kwenye mashine na kwenda kuvuna shayiri.

Kati yao wapo wawili wasioachana. Hobart ni mtu wa kiburi. Haongei, na akiumwa hasemi. Lute anaongea kwa niaba ya wote wawili, na kila neno lake ni utani. Ndoto yao ni moja: ekari sita zenye miti ya tufaha. Hobart anataka na kitu kingine: mlango wenye ufunguo. Bweni lao halina hata kufuli.

Basi Jumanne napeleka kahawa bandani, namkuta Hobart kavua buti. Kakanyaga msumari kwenye samadi ya nyumbu. Na Lute, jamani, hashughuliki na mguu. Anaushughulikia msumari. Anaufuta, anaupaka grisi ya magurudumu.

"Unafanya nini, Lute?"

"Natibu, mwalimu. Ukiupaka msumari grisi ukautundika juu ya jiko, kidonda hakiozi. Hata nyumbu wanajua."

"Na mguu je?"

"Mguu utafuata."

Nikainama kuangalia. Tundu dogo, damu haitoki. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Hobart, chuoni nesi alitufundisha. Tundu dogo lililoingia ndani ndilo baya. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo wenye samadi. Vikiingia ndani, siku chache tu taya linakaza. Humezi hata maji. Baadaye mwili wote unakaza, unakosa pumzi. Uchomwe sindano leo, kabla taya halijakaza."

"Haiumi."

"Kutouma si kupona."

"Sikiliza, binti. Nyapara akiniona nachechemea, saa sita mchana niko barabarani na blanketi langu. Getini kuna watu ishirini wanaitaka nafasi yangu. Zile ekari nitazipataje?"

Nje nyapara alishaanza kuita majina. Hobart akavaa buti, akasimama, akakanyaga kwa nguvu ili tuone yuko sawa. Jasho lilimtiririka usoni.

Nikamgeukia Lute, nikingoja utani. Hakuwa nao. Alikuwa anautazama msumari.

"Kaa chini, Hobart," akasema.

"Niache."

"Msumari wa mdogo wangu niliupaka pia. Kwa mkono huu huu. Ulikuwa unang'aa juu ya jiko mpaka siku tuliyomzika."

Miaka mitatu wamelala kitanda kwa kitanda. Hobart hakujua kwamba Lute aliwahi kuwa na mdogo.

Akakaa.

Nilikimbia jikoni kuchukua sabuni na maji safi. Nikauosha mguu kwa maji mengi, sikupaka grisi wala tumbaku kama wafanyavyo wengine. Lute akaenda kwa nyapara.

"Nyumbu wa Hobart nitawaendesha mimi, pamoja na wangu," nikamsikia akisema.

Nyapara akatema tumbaku.

"Mpaka Jumamosi. Zaidi ya hapo, mtaondoka wote wawili."

Baba akawasha lori, tukampeleka. Mjini daktari alikipanua kidonda, akakisafisha, akamchoma sindano.

"Mngengoja taya likaze," akasema, "labda ningewapa pole tu."

Jumamosi Hobart alirudi kazini. Wiki mbili zimepita, na taya lake linafunguka vizuri. Shida ni kwamba sasa linaongea. Jana mfanyakazi mgeni alichomwa mguu na uma wa kuchotea nyasi, akasema haiumi. Hobart alimbeba begani mpaka jikoni.

"Mwalimu, sabuni," akaniambia. "Na mwambie baba yako awashe lori. Leo hii, si kesho."

Ule msumari Lute alitaka kuutupa. Hobart akamnyang'anya, akaupigilia ukutani juu ya kitanda chake, akatundika hapo ufunguo mpya.

"Wa mlango gani?" Lute akauliza.

"Bado hatujaujenga."