Kimya Alichokiomba Lydie

Kila asubuhi, katika mtaa wa Hewa Bora mjini Lubumbashi, mashine ya kusaga ya Papa Jeannot iliamka mapema kuliko majogoo. Ilikohoa, ikatapika moshi mweusi wa mafuta ya mazuti, kisha ikaanza kunguruma mpaka sahani zikatetemeka mezani. Wanawake walipanga foleni na mabeseni yao ya mahindi, wakizungumza kwa kupiga kelele. Nyumba ya mashine ilipakana na darasa la sita. Mwalimu Constantin alifundisha huku mishipa ya shingo imemtoka, na wanafunzi waliokaa nyuma walisikia nusu ya somo. Nusu nyingine waliibahatisha.

Lydie, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa nyuma pamoja na rafiki yake Léa, dawati moja. Lydie alikuwa na maneno mengi, na mwalimu alipenda kumtania kwamba yeye peke yake angeweza kushindana na mashine. Léa alikuwa mpole na mwenye masikio makali. Neno ambalo Lydie hakulisikia, Léa alimwandikia pembeni mwa daftari. Walikuwa wameahidiana kufaulu pamoja mtihani wa kumaliza shule ya msingi, waende sekondari pamoja, na huko pia wakae dawati moja.

Léa alilelewa na bibi yake, Kapinga. Watoto wote wa mtaa walimwita Kambo, kama wanavyowaita bibi zao wenyewe. Jioni, injini ilipozimwa, Kambo aliingia katika nyumba ya mashine na ufagio na beseni. Alikung'uta ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoshusha unga, akapangusa vyuma, akafagia sakafu. Papa Jeannot hakumlipa pesa. Ilikuwa desturi ya siku nyingi kwamba anayesafisha mashine huondoka na unga uliobaki mfukoni. Watu walimwona akipita, kichwa kimejaa vumbi jeupe, wakamsalimu, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyejiuliza unga ule ulikwenda kupikwa wapi.

Mwaka huo wakubwa wa mji walileta mpango wa kuondoa mashine za mazuti karibu na shule na kuweka za umeme. Shefu wa mtaa aliitisha mkutano ili wakazi waseme kama wanakubali. Mwalimu Constantin alimchagua Lydie azungumze kwa niaba ya wanafunzi. Lydie alifurahi mno. Zaidi ya hayo alikuwa na sababu yake mwenyewe: mdogo wake, Fils, alikohoa usiku kucha, na muuguzi wa zahanati alikuwa amesema kwamba moshi ndio uliomdhuru.

Alijizoeza hotuba yake kwa Léa, nyuma ya shule.

"Sikiliza mwisho," Lydie alisema, akinyoosha shingo. "Mashini mupya ikikuya, kila muntu atapata faida!"

Léa aliinua macho. "Kila muntu? Uko hakika?"

"Sasa nani atapoteza? Moshi?" Lydie akacheka.

Léa hakucheka. Alitazama vidole vyake, kisha akasema, "Basi, sema polepole. Pale kwa mwisho unakimbiaka sana."

Siku ya mkutano uwanja wa parokia ulijaa. Lydie alisimama juu ya benchi akaeleza habari za kelele, moshi na kifua cha Fils. Akina mama waliokuwa na watoto wagonjwa walifuta macho. Alipofika mwisho, alisema polepole kama alivyofundishwa: "Kila muntu atapata faida!" Makofi yakalipuka.

Shefu aliinua mkono. "Mbele ya kuamua, minauliza. Nani atapoteza?"

"Papa Jeannot!" mtu mmoja alijibu.

"Papa Jeannot atatumika kazi kwa mashini mupya, tulisha kusikilizana naye. Kuko mwingine?"

Watu walitazamana. Kambo Kapinga alikuwa amesimama nyuma kabisa, ufagio kwapani, Léa kando yake. Hakusema neno. Shefu aliposema, "Basi, imekubaliwa," Kambo aliweka ufagio chini akapiga makofi kama wengine.

Baada ya Krismasi mashine mpya ilianza kazi, mwisho wa barabara, mbali na shule. Tuseme ukweli, ilikuwa nzuri. Haikutoa moshi. Mahindi yaliingia juu, unga ukashuka kupitia bomba la chuma moja kwa moja ndani ya mfuko wa mwenyewe, na sakafu ikabaki safi. Fils alilala bila kukohoa. Mwalimu Constantin alirudishiwa sauti yake, akaanza hata kufanya mizaha darasani. Barabarani watu walimwita Lydie "Mama Shefu", naye alitembea kifua mbele.

Kwa hiyo hakuona upesi kwamba Léa alikuwa amekonda. Léa alianza kusinzia darasani. Wakati wa mapumziko alibaki ndani, akisema anataka kusoma. Lydie alimwacha asome, kwa kuwa wengine walikuwa wakimngoja nje wamsifu. Kisha Léa akakosa siku moja, akakosa na ya pili, na wiki ikaisha dawati likiwa na mtu mmoja.

Jumamosi jioni Lydie alikwenda kwao. Ilikuwa saa ya bukari, ugali wa jioni, na katika kila ua ulisikika mwiko ukisonga. Kwa Kambo mbabula, jiko lake la makaa, ulikuwa baridi, hauna hata kaa moja. Kambo alikuwa ameketi kizingitini, mikono mapajani.

"Jambo, Kambo. Léa iko wapi?"

"Jambo, mwanangu. Léa alienda Kasenga, kwa shangazi yake Mwaba. Alipanda lori ya bantu ya samaki."

"Kasenga? Atarudia lini? Mtihani iko karibu!"

"Kule iko samaki. Atakula." Kambo aliutazama ufagio uliosimama ukutani. "Mashini mupya haiangushe unga, mwanangu. Nilienda kuuliza kama iko kazi ya kufagia. Balinionyesha chini. Kulikuwa safi."

Hapo ndipo Lydie alipoelewa. Unga ule wa jioni ulikuwa chakula cha Léa, mwaka baada ya mwaka, na yeye aliyekaa naye dawati moja hakuwahi kujua.

"Lakini Kambo, ulikuwa pale kwa mkutano. Shefu aliuliza. Juu ya nini haukusema? Ulipiga hata makofi!"

"Nilitaka kusema. Léa alinivuta kitambaa. Akasema, 'Kambo, nyamaza, Fils anakohoa.'" Kambo aliupitisha mkono wake mgumu kwenye shavu la Lydie. "Ilikuwa ukweli. Mutoto alikuwa anakohoa. Njo maana nikapiga makofi."

Lydie alikimbia nyumbani akilia kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Mama yake, Mama Virginie, alimsikiliza mpaka mwisho, akajaza beseni la unga na kulipeleka kwa Kambo. Baada ya muda mfupi alirudi na beseni lile lile, likiwa limejaa.

"Alikatala," alisema, akiketi chini kwa uzito. "Alisema, 'Miye siombaka, Virginie. Nilikuwa natumika kazi.' Nilisikia haya. Namuona kila siku, na hata siku moja sikumuuliza anakula nini."

Usiku huo Lydie hakugusa chakula chake. Kila alipofumba macho alimwona Léa akitazama vidole vyake nyuma ya shule.

Kesho yake, baada ya misa, Mama Virginie alimshika mkono, wakaenda kwa shefu. Lydie alisema yote mwenyewe, bila kusimama juu ya benchi. "Nilisema kila muntu atapata faida. Nilidanganya, hata kama sikujua. Kambo alipoteza kazi, na Léa alipoteza masomo."

Shefu alikuna kichwa. "Na miye niliuliza mara moja tu, nikafunga mkutano," alisema. Akamwita Papa Jeannot.

"Kazi iko," Papa Jeannot alisema alipoelezwa. "Ile mashini inaogopa mawe kama mutoto anaogopa sindano. Jiwe moja ikiingia na mahindi, tunasimama siku nzima. Tunahitaji muntu wa kupepeta na kutoa mawe mbele mahindi iingie. Kila mama ataacha bakuli ya unga kwa beseni ya ule muntu. Na Kambo iko na macho kunishinda miye."

Akina mama walikubali. Siku ya Jumanne Kambo Kapinga alikaa mlangoni mwa mashine mpya na ungo mapajani, vumbi jeupe likarudi kichwani, na jioni akaenda nyumbani na unga wake. Moshi wa mbabula wake ulipopanda, Mama Virginie aliuonyesha Lydie kwa kidole.

Siku ile ile walimpigia simu dereva wa lori la samaki, naye alipofika Kasenga akapiga, akampa Léa simu.

"Léa! Kambo alipata kazi! Rudia!"

Kwenye simu ilisikika sauti ya watu wakipakua mizigo. "Nilisikia, aksanti sana," Léa alisema. "Lakini shangazi alijifungua, balimupasua tumbo, hawezi kusimama. Siwezi kumuacha hivi. Na Maître Constantin aliambia dereva, majina ya mtihani ilisha kwenda. Yangu haiko. Nitarudia mwezi wa tisa, nianze tena darasa la sita."

"Miye nitakuwa sekondari."

"Ndiyo," Léa alisema. "Fils anakohoa tena?"

"Hapana."

"Basi, iko muzuri."

Simu ikakatika. Lydie alimpa mama yake ile simu, akauficha uso katika kitenge chake.

Mama Virginie hakumwambia anyamaze. Alipoona machozi yamepungua, alisema, "Sikiliza, mwanangu. Ile mashini ya zamani ilifaa kuondoka, na haukukosea kusema. Lakini kitu kipya kikikuja, hata kama ni kizuri, kuko muntu kitamukanyaga, na yule muntu mara mingi ananyamaza. Anasikia haya, ao anakuhurumia weye. Ukitaka kusema 'kila muntu', kwanza uende umutafute yule, umuulize, mbele ya makofi kupigwa. Nyuma ya makofi tunatengeneza tu ile inaweza kutengenezwa."

Siku iliyofuata Mwalimu Constantin alieleza hesabu za sehemu kwa sauti ya chini, na kila neno likafika mpaka nyuma. Lydie hakuhitaji mtu wa kumwandikia pembeni. Alisogea ukingoni mwa dawati, akaacha upande wa pili wazi, akasikiliza.