Teke la Gratien

Mambo haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Nkatha, Pasaka ya mwaka elfu mbili ishirini na mbili, alipokuja nyumbani Meru kwa mara ya kwanza tangu corona ifunge mipaka. Tulikuwa tunachambua kunde. Nkatha alikaa nyumba moja na Jerusha huko Kensington, Sydney, ukuta mwembamba kati ya vyumba vyao, kwa hiyo aliyonieleza hakuyaokota njiani.

Jerusha ni muuguzi, binti wa Kisii, mwenye mwendo wa mtu anayejua aendako. Jioni moja ya Februari mwaka uliotangulia alikuwa kituo cha treni cha Parramatta, watu wamejaa kama siafu, kila mmoja na barakoa yake. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, miguuni bado ana viatu vyeupe vya kazi, na simu iko sikioni anazungumza na Nkatha.

"Hapa mbele yangu kuna kijana amebeba wavu wa mipira," alisema bila kupunguza sauti, maana nani angemwelewa. "Lakini si mipira ya kawaida. Imechongoka huku na huku kama mapapai. Na kaptura yake, aki, mapaja yote nje. Ila hayo mapaja Mungu hakuyafanya kwa haraka."

Kijana akageuka.

"Asante, dada. Nitamfikishia Mungu salamu zako."

Nkatha alicheka mpaka simu ikakoroma. Jerusha alishusha macho kwenye viatu vyake.

"Umesikia yote?"

"Kuanzia kwenye mapapai."

Aliitwa Gratien. Alikuwa Mrundi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, akaletwa Australia na mama yake Verdiane akiwa na miaka tisa. Walikaa Macquarie Fields, mbali kusini magharibi, kwenye nyumba ya serikali. Mchana alipakia malori kwenye bohari. Jioni alipiga mipira ile teke, peke yake, mpaka giza liingie.

Kufikia mwezi wa tano Jerusha alikuwa anapanda treni kila Jumamosi kwenda kumshikia simu ya kurekodi. Gratien angesimama, apumue, apige, na mpira ungepanda kama umeitwa juu.

"Hesabu, sheri," angesema, ndiyo mpenzi kwa Kifaransa chao.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano. Umeanguka. Sasa mbona hakuna goli?"

"Hapa hakuna goli. Mpira wa Kiamerika, timu ikikwama, mimi ndiye naitwa. Naupiga juu na mbali, adui aanzie nyuma kabisa. Ukikaa angani sekunde tano, wenzangu wanamfikia kabla hajapiga hatua. Ukikaa tatu, tumekwisha."

"Na kwa hilo vyuo vya Amerika vinasomesha mtu bure?"

"Wakimbiaji wanao tele. Wapigaji wanawatafuta mpaka huku kwetu."

Jerusha alituma video zile kwa makocha wa huko kwa mkono wake mwenyewe, huku akijiambia hazitajibiwa.

Mwezi wa sita ukaisha na Sydney ikafungwa. Ruhusa ilikuwa kazini, dukani, hospitali, na mtu asivuke kilomita kumi, halafu zikawa tano. Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Umekula nini, mpenzi?" Gratien angeuliza.

"Wali na kukukumbuka."

"Kukumbuka hakushibishi. Ongeza maharage."

Hata kanisa lao la Waafrika wa Kiswahili likahamia Zoom. Jumapili ya mwisho ya Julai, Jerusha alikaa mbele ya kompyuta na blauzi ya kitenge juu, suruali ya kulalia chini. Ukafika wakati wa shukrani. Watu wa kanisa lile wana desturi: mtu akipata jambo, husimama mbele ya wote akamshukuru Mungu, na shukrani ikishatolewa hairudishwi. Ni kama sadaka iliyokwisha kuingia kikapuni.

Mama Verdiane akawasha kipaza sauti, kitambaa cheupe kichwani, midomo inamtetemeka.

"Bwana asifiwe. Ninamushukuru Mungu kwa ajili ya hii mutoto yangu Gratien. Chuo cha Amerika kimemuita. Kibali ya serikali ya kutoka imepatikana. Jumatatu, siku nane kutoka leo, anapanda ndege. Munisaidie kushukuru."

Amina zikaanza kumiminika. Halafu, mmoja mmoja, nyuso zile kwenye vidirisha zikaonekana kutafuta kidirisha cha Jerusha. Akaizima kamera.

Simu ililia mara kumi na nne. Ya kumi na tano akaipokea.

"Sheri, nisikilize."

"Kibali uliomba lini?"

"Sheri..."

"Gratien, lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili unaniuliza nimekula nini."

Akakata. Wakati ule Australia haikuruhusu mtu atoke bila kibali, na maelfu waliokwisha kutoka walikuwa wamekwama ng'ambo hawajui watarudi lini; ndege zilikuwa chache na nafasi zenyewe za kuhesabu. Kuondoka hakukuwa safari, kulikuwa kama kuchimbiwa mto nyuma yako. Jerusha alikwenda kazini, akarudi, akala akiwa amesimama. Nkatha alimsikia kupitia ukutani akipenga kamasi usiku kucha, na asubuhi akidai ni mzio.

Juma hilo corona ilizidi upande wa kusini magharibi, wauguzi wakapungua, Jerusha akapelekwa kliniki ya kupimia watu ndani ya magari, si mbali na Macquarie Fields. Nkatha, mdomo wake mwepesi, akampigia Gratien kumwambia Jerusha yuko wapi.

Ijumaa mvua ilinyunya. Magari yalipanga foleni kuzunguka mtaa mzima. Jerusha alikuwa ndani ya joho la plastiki la buluu, barakoa, na kioo cha uso kilichojaa ukungu. Gari la mia na kitu likashusha dirisha.

"Jina kamili?" alisema, kisha akaona ni nani.

"Unalijua."

"Jina kamili, bwana. Watu wanangoja."

Akalitaja. Akataja na tarehe ya kuzaliwa. Mkono wa Jerusha uliandika herufi kubwa kubwa kuliko kawaida.

"Sababu ya kupimwa? Unaumwa, umekutana na mgonjwa, au unasafiri?"

"Tia alama unayotaka wewe."

"Usinitupie."

"Sikutupii. Ukisema nibaki, nawasha gari narudi nyumbani. Mama ataona aibu kanisani, nitaibeba mimi."

Gari la nyuma likapiga honi. Jerusha akainama dirishani, na sauti yake ikashuka.

"Mama yako ulimwambia. Mimi nikasikia na watu themanini. Kwa nini?"

"Yeye nilimwambia Jumamosi, sikujua atalitangaza kanisani. Wewe niliandika kila siku nikafuta. Niliogopa."

"Uliogopa nitakuzuia?"

"Niliogopa utaniambia niende."

Jerusha alichomoa kijiti cha kupimia.

"Inua kichwa."

Alikiingiza puani taratibu kuliko kanuni inavyosema, akakizungusha. Machozi yakamtoka Gratien, yakashuka mpaka kwenye barakoa.

"Unalia?"

"Ni kijiti chako."

"Uongo unaujua, kuusema hujui." Akakitia kijiti ndani ya kichupa, akafunga. "Sasa sikia. Ukibaki kwa ajili yangu, siku moja utanitazama kama mtu aliyekuvunja mguu. Sitaki." Akatia alama kwenye kisanduku cha safari, na kalamu ikatoboa karatasi.

"Utaningoja?"

"Mimi si kituo cha treni. Anayengoja ni aliyeposwa. Mwambie mama yako ampigie mjomba wangu Elkana, kule Kisii, kabla hujapanda ndege."

"Kesho?"

"Songeza gari, Gratien."

Kesho yake, jioni Sydney, mchana Kisii, skrini ikajaa ndugu zake Jerusha. Mjomba Elkana alivaa koti juu ya sweta.

"Kijana, nimeambiwa unakwenda Amerika kupiga teke. Punda wangu anapiga teke tangu asubuhi, hakuna aliyemletea barua."

Shangazi mmoja alilazimika kuzima kamera kwa kicheko. Gratien, shati jeupe, tai imebana, alieleza taratibu: timu ikiwa pabaya, wakimbiaji wameshindwa, warushaji wameshindwa, anatoka pembeni mtu mmoja. Ana teke moja tu. Akilikosa, wote wanaumia.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayeitwa wenzako wakishindwa."

"Ndiyo, mzee."

Elkana alifunga vifungo vya koti lake.

"Ng'ombe tutazungumza mipaka ikifunguliwa," alisema. "Lakini huyo binti asisumbuliwe na mtu mwingine. Ana mwenyewe."

Jumatatu Jerusha hakuruhusiwa kumsindikiza. Waliagana kwa simu mpaka mhudumu wa ndege alipomwambia Gratien azime. Saa kumi jioni ukaja ujumbe mfupi kutoka angani: "Nalala, sheri."

Saa mbili usiku Jerusha alikuwa kitandani tayari, maana zamu ya kesho ilikuwa ya alfajiri. Simu ikalia. Alikuwa Mama Verdiane, ambaye hakuwa amewahi kumpigia.

"Umelala, mwanangu?"

"Bado, Mama."

"Ndege iko wapi?"

Jerusha akaangalia ramani kwenye simu. "Iko juu ya maji."

"Bado maji?"

"Bado."

Televisheni ilisikika ikisema peke yake upande wa Macquarie Fields.

"Umenikasirikia kwa ile shukrani," alisema Verdiane. "Uliona nimetaka kumutoa kwako."

"Nilifikiri hivyo, Mama."

"Hapana. Mimi nimetoka Burundi na yeye tumboni. Nimetoka Kasulu naye mukononi. Siku hata moja hatujalala kila mutu katika nchi yake. Nilijua asubuhi ya safari nitashika mulango, nitajitupa chini. Sasa nikasema, acha nishukuru mbele ya watu, nishindwe kurudi nyuma. Nilijifunga mimi. Wewe sikukufikiria. Unisamehe."

Jerusha aliinuka, akakaa kitako.

"Nimekusamehe, Mama," alisema. "Usikate. Nitakuwa nakuambia ilipofika."

Akamwambia. Imesogea kidogo. Kuna visiwa chini, vidogo. Imevipita. Verdiane aliitikia "mm", tena "mm", halafu hakuitikia, na pumzi zake zikaanza kuja nzito, za mtu aliyekesha juma zima. Jerusha aliiweka simu juu ya mto, karibu na sikio, akazihesabu pumzi zile mpaka hesabu ikampotea, naye akalala.