Sahihi Saba za Bonde la Qasab

Toroli la kumi na saba la tope lilimwagwa kando ya ukuta, na barabara ilikuwa bado haionekani. Wistin Apap aliinua sepetu akaanza kujaza la kumi na nane.

Mvua ya kwanza ya majira hayo ilikuwa imenyesha Jumanne. Mambo yalikwenda kama kawaida. Maji yaliteremka bondeni yakibeba matete yaliyovunjika. Yalipofika kwenye bomba lililopita chini ya barabara, matete yaliliziba. Maji yakapanda juu ya barabara na kuacha tope. Nyumba saba zilizo ng'ambo ya bonde zikakosa njia. Kwa miguu mtu mzima aliweza kuvuka kwa shida. Gari halikuweza.

Mke wa Wistin, Ġiża, alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, mkoba wake magotini. Figo zake hazikufanya kazi tena. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Jumatano hakwenda. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Matoroli mangapi?" aliuliza.

"Kumi na saba."

"Na yaliyobaki?"

"Pumzika, mke wangu."

"Nimepumzika tangu juzi. Miguu yangu imevimba kwa kupumzika."

Alisema kwa mzaha, lakini miguu ilikuwa imevimba kweli.

Upande wa pili wa barabara, mtu mwingine alikuwa akichimba tope hilohilo. Huyo alikuwa jirani yao, Leli Grima. Wanaume hao wawili walichimba wakiwa wamepeana mgongo. Kijiji chao, hapo kisiwani Gozo, kina vilabu viwili vya bendi za muziki, na kila klabu ina chama chake cha siasa. Wistin ni wa klabu moja, Leli ni wa nyingine. Miaka kumi na moja iliyopita waligombana juu ya kamba za bendera za sikukuu ya kijiji ya mwezi wa saba, nani atundike za kwake juu ya barabara. Tangu hapo hawakusemeshana.

Mchana gari lilipita. Hospitalini, daktari alimpima Ġiża, akamwambia kwa upole, "Mama, safari hii una bahati. Ukikosa siku mbili mfululizo, sina la kukuahidi."

Jioni Wistin alipanga jibini ndogo kumi na mbili ndani ya kikapu. Alizitengeneza mwenyewe, kwa maziwa ya kondoo wake. Zilikuwa za mbunge wake, Loreta Zerafa. Kila Jumamosi asubuhi mbunge huyo aliketi katika chumba cha nyuma cha klabu, akaonana na watu. Ndiyo desturi. Mtu huenda na shida yake, na mkono wake haukosi kitu.

Evelina Rapa, jirani wa nyumba ya juu, aliingia kurudisha sufuria. Kwa miaka thelathini Evelina alikuwa mwandishi katika Bunge. Kazi yake ilikuwa kuandika kila neno lililosemwa na wabunge. Sasa alikuwa amestaafu. Alitazama kikapu.

"Hizo za nani?"

"Za mheshimiwa. Kesho nakwenda kumwona."

"Mwaka jana hukumpelekea?"

"Nilimpelekea. Naye alinisaidia. Alipiga simu, likaja lori la kokoto."

"Kokoto ziko wapi?"

"Baharini," alisema Wistin.

"Samaki wana barabara nzuri sana," alisema Ġiża kutoka kwenye kiti chake.

"Na Leli?" Evelina aliuliza. "Yeye hakuomba?"

"Leli ana mbunge wake. Nasikia alipewa magunia ya mchanga."

"Yako wapi?"

"Baharini pia."

"Basi mmepatana huko," alisema Evelina. Alivuta kiti akaketi. "Wistin, mwaka jana ulimwambia mheshimiwa nini hasa?"

"Nilimwomba anisaidie."

"Na amekusaidia. Ulimwomba aseme Bungeni?"

Wistin alitazama kikapu. Wazo hilo halikuwahi kumjia.

"Mbunge akipiga simu kwa ajili yako, hiyo ni hisani," Evelina aliendelea. "Hisani haiandikwi popote. Mwaka ukiisha, imekwisha. Lakini akisimama Bungeni akasema, maneno yake yanaandikwa. Akiuliza swali, swali linapewa namba, na waziri lazima alijibu. Jibu nalo linaandikwa. Kazi ya mbunge si kukuletea kokoto wewe. Kazi yake ni kuisemea barabara mbele ya wale wenye amri ya kuitengeneza."

"Bungeni wanatupiana maneno tu," alisema Wistin. "Waziri atasema watachunguza."

"Atasema. Jibu hilo nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Lakini akishasema hivyo, anaweza kuulizwa tena: mmechunguza lini, na mmeona nini? Kokoto haiulizwi swali la pili."

Ġiża alisogeza kiti karibu. "Tunahitaji nini?"

"Vitu ambavyo mtu hawezi kuvibishia. Tarehe za mafuriko. Upana wa bomba. Nyumba ngapi, nani ameumia, na mnataka nini kifanyike. Kwa ufupi, ukurasa mmoja. Mbunge hana muda mrefu wa kusema."

Ġiża alifungua mkoba wake akatoa daftari la hospitali. Kila siku ya matibabu ilikuwa imegongwa muhuri. Alionyesha kwa kidole mahali palipokuwa patupu. Katika miaka mitatu, siku nne. Zote zilikuwa siku za mvua.

"Hiyo ni nzuri," alisema Evelina. Kisha akajirekebisha. "Si nzuri. Ni ushahidi."

"Bomba nitalipima kesho alfajiri," alisema Wistin.

"Na sahihi za nyumba zote saba."

"Sita."

"Saba, Wistin. Zikiwa sita, waziri atauliza kama hii ni shida ya barabara au ya klabu."

Asubuhi, baada ya kupima bomba, Wistin alikwenda kwa Leli. Leli alikuwa uani, akikunja nyavu za kuvunia zeituni. Hakuinua kichwa.

"Umepotea njia, Wistin?"

"Njia iko chini ya tope."

"Sepetu yako imevunjika, unakuja kuazima yangu?"

"Nimekuja na karatasi. Nataka utie sahihi."

Leli aliisoma pole pole. "Nitie sahihi ili mbunge wenu apate sifa?"

"Mpelekee nakala wa kwenu. Waseme wote wawili. Bomba halina chama."

"Bendera ndizo zilikuwa na chama, siyo?"

"Bendera tutazigombania mwezi wa saba," alisema Wistin. "Kama kawaida."

Leli alirudia mstari mmoja. "Ġiża amekosa siku nne?"

"Nne."

Leli aliweka nyavu chini. Alimwongoza Wistin mpaka nyuma ya zizi, penye ukuta wa mawe unaoelekea bondeni. Juu ya jiwe kubwa kulikuwa na mistari iliyochongwa kwa patasi, na mwaka umeandikwa kando ya kila mstari.

"Marehemu baba alichora mahali maji yalipofikia," alisema Leli. "Mimi nimeendelea. Mistari kumi na miwili. Piga picha."

Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akatia sahihi.

Wistin alifika kwa mbunge na bahasha. Loreta Zerafa alitazama mikono yake.

"Leo hukuja na jibini?"

"Leo nimekuja na karatasi, mheshimiwa."

Mbunge alisoma, akatazama picha ya jiwe kwa muda mrefu. "Nimpigie simu mtu wa barabara?"

"Hapana. Naomba uliseme Bungeni."

"Waziri ni wa chama changu, Wistin. Simu ni jambo rahisi. Kumsema mbele ya watu ni jambo jingine."

"Najua. Lakini simu ya mwaka jana iko baharini."

Mbunge hakucheka wala hakukasirika. Aligeuza karatasi. "Hii sahihi ya Leli Grima ni ya kweli?"

"Aliandika kwa kalamu yake mwenyewe."

Mbunge alikunja karatasi akaiweka ndani ya mkoba wake, si pamoja na zile zilizokuwa mezani.

Kila kikao kinapokwisha, kabla wabunge hawajaondoka, mmoja wao hupewa muda wa kusema jambo analolitaka. Siku kumi baadaye zamu hiyo ilikuwa ya Loreta Zerafa. Majirani walikusanyika jikoni kwa Ġiża kusikiliza redio. Leli alikuja pia, akasimama karibu na mlango.

"Mheshimiwa Spika," sauti ilisema, "bomba la barabara ya Bonde la Qasab lina upana wa shubiri tatu. Maji yamelishinda mara kumi na mbili. Mwanamke mmoja amekosa matibabu ya figo siku nne, na ninazo tarehe. Nyumba saba zinaomba kalavati pana, pamoja na kusafisha matete kabla ya kila mvua. Si familia hizi zote zilizonipigia kura. Zote zimetia sahihi."

"Amesoma nilivyoandika," alisema Wistin.

"Nyamaza tusikie," alisema Leli. Ilikuwa amri, lakini lilikuwa pia neno la kwanza alilosema ndani ya nyumba hiyo kwa miaka kumi na moja.

Wiki hiyohiyo, mbunge wa Leli aliuliza swali la maandishi juu ya jambo lilelile. Jibu lilikuja: wizara italichunguza. Ġiża alicheka mpaka akakohoa. Evelina aliandika tarehe ya jibu kwenye kalenda ya jikoni, akahesabu wiki nane, akachora duara.

Hata hivyo, mtambo ulitumwa kung'oa matete karibu na bomba. Majira hayo mvua ilinyesha tena mara tatu, na maji yalipanda barabarani mara moja tu, kidogo. Ġiża hakukosa siku hata moja.

Siku ya duara ilipofika, Wistin alimwandikia Loreta Zerafa barua fupi. Mbunge akauliza tena: uchunguzi umefanywa lini, na umeona nini? Machi akaja mhandisi na kamba ya kupimia. Juni jibu la tatu likataja mwezi wa kazi. Agosti mafundi walifunga nusu ya barabara na kuanza kuchimba.

Kalavati lilikuwa na vipande vitano vya zege. Mtu aliweza kupita ndani yake akiwa ameinama kidogo. Hadi Alhamisi jioni, vipande vitatu vilikuwa vimelazwa. Msimamizi alizima mashine na kufunika saruji. "Viwili vilivyobaki kesho," alisema.

Juu kidogo bondeni, Wistin na Leli walikuwa wakikata matete kwa mundu na kung'oa mizizi kwa sepetu. Hakuna aliyewatuma. Wizara ilikuwa imeandika kwamba itasafisha kabla ya mvua, na barua hiyo Ġiża aliihifadhi ndani ya daftari la hospitali. Lakini mtambo haufiki kwenye mawe, na hapo matete ni mengi.

"Unakata kama unanyoa ndevu," alisema Leli.

"Na wewe unaacha mizizi. Kama chama chako."

Walikata mpaka jua likashuka nyuma ya kilima. Upande mmoja wa bonde ulikuwa wazi. Upande wa pili matete yalisimama bado. Ġiża aliwaita kutoka mlangoni, akawaambia kwamba jibini ipo mezani, na kwamba kesho ni Ijumaa, yeye anaondoka saa moja, wasimzibie njia na lundo lao.

"Tutalihamisha saa kumi na mbili," alisema Leli.

Nyumba yake ilikuwa hatua mia moja kutoka hapo. Hata hivyo hakubeba sepetu yake. Aliiegemeza kwenye ukuta wa Wistin, kando ya ile nyingine, wakaingia kula.