Jina Walilolipata Wachezaji

Milcah alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue, miguu imemvimba, na burudani yake ya Ijumaa ilikuwa kusoma maoni ya watu asiowajua. Mumewe, Wesonga, alisimamia saiba moja, duka la intaneti, ya ghorofani River Road, na wateja walipopungua alikuwa ametunga mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Maneno matupu. Unaandika unachotaka kufanya, mashine inakujibu. Uko kando ya kisima, na chini yake kuna kitu kikongwe kuliko nyota, kinalia kama mtoto mchanga. Ukipata jina lake kinanyamaza, mchezo umekwisha. Wachezaji waliacha maoni yao, naye akayachapisha na kuyaleta nyumbani Uthiru, kifua mbele.

Milcah aliyasoma kwa sauti akicheka. Mmoja alilalamika kuwa mchezo ni mfupi mno, ameumaliza kabla chai yake haijapoa. Mwingine alisema kilio kile kilimfuata hadi kwake Kileleshwa, na mchezo wenyewe hauna sauti. Hapo Wesonga alicheka peke yake. Kisha Milcah akafika kwenye karatasi ya pili: "Nimetafuta jina siku tatu. Kumbe ni Namalwa. Nilipoliandika kikanyamaza, nami nikasikia harufu ya udongo mbichi."

Karatasi ilimponyoka.

Kwao, jina la mtoto halimtangulii mtoto. Marehemu hulileta mwenyewe ndotoni, na mama hulificha hadi mtoto azaliwe, alie, aitwe kwa jina hilo. Akinyamaza, amelipokea. Marehemu bibi yake Milcah, Namalwa, alikuwa amemjia mimba ikiwa ya miezi mitano, na Milcah alimwambia mtu mmoja tu duniani, tena kwa kunong'ona.

"Hiyo jina nilikuambia wewe peke yako," alisema.

"Game ilikuwa inataka jina, Milcah, na hiyo ndiyo ilikuwa kwa kichwa yangu," Wesonga alijibu, macho sakafuni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Milcah alikuwa akiwatania mashoga zake kwa methali hiyo walipoletewa vituko na waume zao, na sasa ilimchoma yeye. Alimwomba aufute mchezo, naye Wesonga akaapa kwa mama yake kwamba Jumatatu haungekuwapo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Siku ya kwanza nyumbani, asubuhi jua likiwaka, alianza kulia, na Milcah alimwinamia kwa furaha akamwita Namalwa. Mtoto akazidi. Akamwita tena polepole, akamwita akimtembeza kutoka kitandani hadi jikoni na kurudi, akamwita hadi sauti ikamkauka na jirani akabisha kuuliza kama kuna mgonjwa, na kila alipoita, mtoto alikaza macho na kulia kama anayeitwa kwa jina la mwenzake, huku harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikipanda kutoka chini ya kitanda, ambako palikuwa na saruji tupu.

Akitafuta nepi, alifungua mkoba wa mumewe. Ndani mlikuwa na maoni mapya, ya juzi. "Mchezo mkali, kaka, usiufute kamwe." "Nimeliita hilo jina mara kumi. Leo kimenijibu: si wewe, namngoja mama."

Wesonga alikiri kuwa hajaufuta. Alisema watu mia tatu walikuwa wameucheza, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa lolote maishani. Milcah alimtazama akaona hamjui. Alimtuma Kawangware akamlete shangazi yake, senge Veronicah, anayeombea nyumba zenye majini, na akamwambia asimguse mtoto.

Senge aliingia adhuhuri na Biblia yake, akavuta pumzi mara moja, akasimama.

"Hiyo jina imeshapokewa," alisema chini chini. "Watu wameita kitu mpaka ikaitika. Huyu mtoto hana jina, ndiyo maana analia."

Alinyunyiza maji pembe zote, akaomba hadi jasho likamtiririka, kisha akampakata mtoto na kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Alipofika kwa Nekesa, kilio kilikatika. Mtoto alipiga miayo. Harufu nayo ikatoweka, na Milcah akalia kwa shukrani.

"Sasa ile ingine isitoke kwa mdomo yako hata kwa ndoto," senge alimwonya. "Wengine wakiita, inaitika tu. Mama akiita, inazaliwa." Akamrudishia mtoto. "Ama ulishaita?"

"Tangu asubuhi, senge," Milcah alinong'ona.

Mama mzee alifunga Biblia taratibu, akajitanda leso yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Milcah alijilaza ubavu, Nekesa akanyonya ziwa la kulia hadi akashiba, akalala, mdomo wazi. Ndipo la kushoto likaanza kuvutwa. Midomo ilikuwa midogo na ya baridi, na ilijua kazi yake. Milcah hakuthubutu kuinamisha macho. Maziwa yalimtoka yenyewe, kama yanavyomtoka mzazi yeyote.

Wesonga alichungulia mlangoni, sauti ya kuomba msamaha. "Mtoto amelala?"

"Mmoja amelala," Milcah alimjibu.